Kadi ya Jesca

Mimi nina wivu. Nalisema mapema, kabla hujaligundua mwenyewe ukaanza kuniteta pembeni. Mama yangu kule Newala alikuwa akisema kuku wa jirani akiangua vifaranga kumi, Anjelina anasusa ugali. Basi nisikilize hivyohivyo, na nikimsema Noela vibaya, punguza nusu.

Mimi ni fundi cherehani. Mwaka wa kumi na moja huu niko kwa Bi Bahiya, Kimara Korogwe, fremu mbili zilizotobolewa ukuta zikawa duka moja. Bi Bahiya mwenyewe hashoni hata kifungo. Ukoo wao wa Kiarabu umeuza vitambaa tangu enzi za babu yake, akishika kitambaa gizani anakwambia kitachuja baada ya kufuliwa mara ngapi. Kushona alituachia sisi. Mimi magauni, Fransis suruali, na tangu Februari akaongezeka Noela.

Mwaka huu Bi Bahiya alikuwa anafungua duka la pili Bunju. Alishatuambia kwamba likikamilika atakuwa huko karibu wiki nzima, na hapa Kimara atamwacha msimamizi. Nafasi ile niliitaka. Niliitaka mpaka nikawa nakaa kwenye kiti chake akienda kuswali, nijionee duka linavyoonekana kutoka pale.

Na nani mwingine angeipata? Kabla ya Noela, oda zote za duka lile zilikaa kichwani mwangu. Nilijua gauni la nani limekatwa, la nani halijaguswa, nani ana harusi na nani anajisingizia harusi ili aharakishiwe. Na nilijua kuwatuliza wateja, maana fundi asiyejua kutuliza mteja hana mteja. Mtu anakuja amevimba, mimi namkalisha, namwambia, "Mama, lako limebaki vifungo tu." Kitambaa chake kiko kwenye mfuko, hakijaonja mkasi. Anarudi Ijumaa, namwambia fundi wa vifungo kafiwa. Mpaka Jumatatu gauni limepatikana na tumekuwa marafiki. Watu walikuwa wanasema Anje ana maneno, na mimi nililichukua kama sifa.

Noela akaja na silingibodi.

Ni binti wa miaka ishirini na saba, mtu wa Mbinga, mwembamba, mpole wa kukera. Alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda fulani cha nguo, huko ndiko alikojifunza mambo yake. Wiki ya pili tu akaokota kipande cha silingibodi, ubao wa dari, kilichobaki kwa mafundi wa jirani, akakipaka rangi nyeupe, akakipigilia ukutani, akakigawa safu nne. INASUBIRI. INAKATWA. INASHONWA. TAYARI. Kila mteja akaandikiwa kadi: jina, vazi, siku ya kuchukua. Kadi inachomekwa kwa pini na kuhamishwa safu kwa safu kadiri kazi inavyokwenda. Kadi nyeupe ni kazi ya kawaida, nyekundu ni msiba au shughuli ya wiki hiyohiyo. Tena kwenye INASHONWA kila fundi ana jina lake, na chini yake zisizidi kadi tatu. Ukimaliza moja ndipo uchukue nyingine. Na kila jioni kabla ya kufunga, Noela anapiga picha ubao na kuituma kwenye grupu letu la WhatsApp, ili Bi Bahiya aone akiwa kwake.

"Na sie tukienda chooni tutajiwekea kadi?" nikauliza.

Fransis alicheka. Ni mzee wa Ndanda, anashona suruali huku akiimba nyimbo za kanisani kwa pua, na hucheka chochote. Bi Bahiya hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya ubao, anasoma majina kidogokidogo kwa midomo.

Kilichoniuma ni kwamba ubao ulifanya kazi. Ungeshindwa ningempenda Noela kama mdogo wangu. Wateja walikuwa wakiingia, wanainua macho, wanatafuta jina lao, wanalikuta INAKATWA, wanasema haya basi nitarudi Alhamisi, na Alhamisi wanachukua nguo. Hakuna aliyevimba tena. Hakuna aliyehitaji kutulizwa. Mama mmoja niliyezoea kumwambia habari ya vifungo alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanionyesha kadi yake kwa kidole: "Mbona pale imeandikwa inasubiri?" Nikaona duka zima linaniangalia.

Mwezi haujaisha, Bi Bahiya akaanza kumwita Noela "mwanangu". Miaka kumi na moja mimi ni Anjelina, kavu, kama mtu anayeitwa kituo cha polisi. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nikajisemea, subiri kitakapoanza kutoa usaha.

Kisha akaja Jesca.

Jesca ni nesi, na ni wangu. Gauni lake la kipaimara nilishona mimi. La mahafali ya chuo, mimi. Jumatatu moja akaingia na shangazi yake, amebeba lesi ya kijani nzuri ya kutaka kuilamba, akapita mashine zote mpaka kwangu.

"Dada Anje, shikamoo. Sendofu yangu Jumamosi hii jioni. Najua nimechelewa, si unajua ishu za zamu. Nimekuja kwako."

Nilishanyoosha mkono kuipokea lesi, Noela akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Dada Anje kadi zako tatu zimejaa."

Zilijaa, kweli. Moja ilikuwa sare za kwaya, vipande kumi na viwili, kadi moja! Lakini mbele ya ubao kwaya nzima ni mtu mmoja.

"Huyu ni mteja wangu," nikasema.

"Najua, dada. Ila mwenye nafasi ni mie. Tukianza kupitisha huyu na yule, wote watachelewa."

Nikamgeukia Bi Bahiya. Alikuwa anahesabu majora ya vitambaa, hata hakuinua kichwa. "Utaratibu ni utaratibu, Anjelina. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuleta na wewe uliukubali."

Jesca aliniangalia kama mtoto anayekabidhiwa kwa mwalimu mgeni. Noela akaandika kadi nyekundu, akaichomeka chini ya jina lake mwenyewe, akachukua tepu akaanza kumpima. Kiuno, nyonga, kifua. Begani akapima upande mmoja akaandika. Nami nilikuwa najua kitu ambacho tepu yake haikujua. Jesca alianguka na bodaboda akiwa kidato cha pili, mfupa wa bega ukaunga vibaya, bega la kushoto likashuka kwa vidole viwili. Ukimwona barabarani huwezi kujua, kwa sababu nguo zake nilimshonea mimi. Ningeweza kusema neno. Nikatia uzi kwenye sindano.

Usiku ule sikula. Kesho yake niliangalia ile kadi nyekundu kutwa nzima. Jumatano, kwa kuwa mimi naishi karibu, Baruti, na ndiye ninayefunguaga duka, nilifika kabla ya wote. Nikachomoa kadi ya Jesca. Nikaitoa lesi kwenye rafu ya Noela, nikaitia kwenye mkoba wangu chini ya chupa ya chai.

Mpango wangu ulikuwa huu. Kazi isiyo na kadi haipo, si ndivyo walivyotaka? Wataisahau. Nitaishona nyumbani kwangu jioni. Jumamosi Jesca atakuja, ubao utakuwa bubu, Noela atakuwa bubu, Bi Bahiya atashika kichwa. Halafu mimi nitainuka na gauni mkononi, niseme nilikumbuka. Basi. Ningependa kukwambia nilisitasita, lakini nilitembea na mkoba ule nikiuona mwepesi.

Noela alipofika alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Akaenda kwenye rafu yake, akarudi.

"Dada Anje, hujaona kadi moja nyekundu?"

"Ubao si wako?"

Akaniangalia. Nilidhani atalia au atampigia simu Bi Bahiya, ambaye tangu Jumanne alikuwa Bunju na mafundi rangi. Hakufanya hata moja. Alikaa akashona. Alhamisi akamwomba Bi Bahiya kwa simu ruhusa ya nusu siku, akasema anakwenda kupima damu. Nikafurahi kwamba anaumwa, Mungu anisamehe.

Gauni lile nililishona jioni tatu, kwenye cherehani yangu ya miguu, dirisha wazi. Sijawahi kushona vile. Pindo nililishona kwa mkono. Bega la kushoto nililikata peke yake, la kulia peke yake, nikapandisha shingo upande mmoja kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Ijumaa nilipomaliza nikalitundika mlangoni nikalizunguka. Nikasema kwa sauti, mwenyewe chumbani, "Noela, kashone foronya."

Jumamosi saa nne Jesca akaingia na shangazi yake, nywele zimeshasukwa, kucha zimeshapakwa. Bi Bahiya alikuwepo. Alikuwa amefurahi kumwona, akampa mkono, akamuuliza mahari yalikwendaje.

"Haya, Noela mwanangu, mletee bibi harusi vazi lake."

Noela akasimama polepole. Akainua macho ubaoni. "Kadi yake haipo, Bi Bahiya."

"Haipo vipi?"

Hapo angesubiri kidogo mtu mwenye akili. Mimi sikusubiri. Nilikuwa nimeshika zipu ya mkoba tangu wafike. Niliinuka, nikalikung'uta gauni mbele yao, kijani kikajaa duka zima, na nikatoa hotuba yangu niliyoifanyia mazoezi siku tatu.

"Ubao umesahau, mie sijasahau. Nilimsikia Jesca akisema Jumamosi, nikaona kazi haiguswi, nikaifanya kwa mkono wangu mwenyewe nyumbani kwangu. Kichwa hiki, Bi Bahiya, hakihitaji pini."

Shangazi akapiga kigelegele. Bi Bahiya akafumbua mdomo kuniita kwa jina ambalo mpaka leo sijui lingekuwa lipi, kwa sababu Noela aliinama chini ya meza yake, akatoa mfuko, na kwenye mfuko akatoa gauni la kijani.

Lesi ileile. Maua yaleyale. Mikono mirefu kama la kwangu, zipu mgongoni kama la kwangu. Akalilaza juu ya meza.

Fransis akaacha kuimba.

"Magauni mawili," akasema Bi Bahiya taratibu. "Mteja mmoja. Na kitambaa alileta kimoja, nilikiona mie kwa macho yangu." Akavuta simu, akaifungua, akashusha kwa kidole. "Picha ya Jumanne jioni, kadi ipo. Jumatano jioni, kadi haipo. Jumatano asubuhi alifungua nani?"

Alijua aliyefungua. Kila mtu alijua. Nikatamani sakafu inimeze na gauni langu.

"Kwanza avae," akasema Bi Bahiya. "Ya kwetu tutayasema baadaye, mtoto wa watu ana shughuli."

Jesca akaingia nyuma ya pazia na la Noela. Akatoka. Lilikuwa limeshonwa vizuri, nasema kweli, mishono imenyooka kuliko yangu. Lakini begani kushoto lesi ilibaki inaelea, na shingo ikavutwa kwenda kulia. Jesca akajiangalia kwenye kioo, na mkono wake ukaenda wenyewe kufunika lile bega. Ulikuwa mwaka wa ngapi sijamwona akilifunika.

Akarudi akavaa langu. Alipotoka hakushika popote. Alisimama tu. Shangazi mtu akaanza kufuta machozi kwa ncha ya khanga, na Jesca akaja kunikumbatia mbele ya wote. "Dada Anje, nilijua tu."

Ndio ushindi wenyewe niliokuwa nautaka. Juu ya bega lake nikamwona Noela. Alikuwa analiangalia gauni langu, mishono ya mabega, shingo, tena mabega. Hakuwa na hasira. Midomo aliibana, macho yamekauka. Sura ile naijua. Nimeiona kwenye kioo cha duka lile kila siku tangu Februari.

Walipoondoka Bi Bahiya alinyoosha kiganja. Nikaitoa kadi kwenye pochi, imekunjamana, nikamwekea.

"Ungeniomba hii kazi, ungetaja hilo bega, ningekupa," akasema. "Ningevunja utaratibu. Ukanyamaza, mtoto wa watu akapimwa vibaya mbele yako." Kisha akamgeukia Noela. "Na wewe. Ulijua tangu Jumatano. Ukaniaga unakwenda hospitali, kumbe Kariakoo kutafuta lesi. Kwa nini hukuniambia?"

Noela alikuwa anaangalia vidole vyake. "Nilitaka siku moja tu waone na mie najua kushona. Wanakuja wanasoma ubao, halafu wanauliza dada Anje yupo? Kila siku, dada Anje yupo? Nikasema Jumamosi atasimama na la kwake, nami nitasimama na la kwangu. Watachagua."

"Ukangoja mwenzio aaibike."

"Ndiyo."

"Ala!" Bi Bahiya akacheka, lakini kicheko kisicho na raha. "Mie nalala Bunju na harufu ya rangi nikidhani nina mafundi wawili. Kumbe nina wake wenza." Akaichukua kadi ya Jesca, akaichomeka kwenye TAYARI. "Fransis."

"Naam, Bi Bahiya."

"Kuanzia Jumatatu msimamizi ni wewe."

"Mie?" Fransis akavua miwani. "Bi Bahiya, mie suruali tu."

"Ndiyo maana."

Ikaisha hivyo. Miaka kumi na moja, nafasi ikaenda kwa mtu ambaye hakuwahi kuiwaza hata akiwa anaota.

Jumatatu Fransis alisimama mbele ya ubao na miwani yake puani, akatugawia kadi kwa woga kama anayegawa karata asizozijua. Mimi nikapata kaptura za shule. Noela mapazia. Tukazichukua bila kutazamana. Gauni la Noela, lisilo na mwenyewe, alikuwa amelivalisha sanamu ya kujaribishia nguo iliyosimama kule nyuma ya duka.

Saa nne hivi akasogeza stuli yake karibu na yangu.

"Dada Anje. Lile bega la Jesca, ulilifanyaje?"

Nisikufiche, moyo wangu ulijaa asali. Tangu aje na pini zake sikuwahi kujisikia vizuri namna ile. Alikuwa ananiomba. Yeye, "mwanangu" wa Bi Bahiya, alikuwa ananiomba. Na jibu lenyewe lilikuwa fupi, kata kila bega peke yake, pandisha shingo kulia, usiguse mkono mpaka umevalisha. Ningelisema bila kuacha kushona. Nikazungusha gurudumu la cherehani, nikajifanya sijasikia.

"Nifundishe basi, dada," akasema, chini zaidi.

Nikainama kutafuta mkasi uliokuwa mapajani mwangu. Nilikuwa nasubiri aombe mara ya tatu. Ningemwambia mara ya tatu, naapa ningemwambia. Nilitaka tu nimsikie akiomba tena.

Nilipoinuka alikuwa amerudisha stuli yake.

Jumanne, wakati sisi tunakula, alikunja kipande cha khanga akakiweka juu ya bega la kulia la ile sanamu, la kushoto likabaki limeshuka. Akafumua mkono wa gauni. Akaushona tena, lesi ikaelea. Jumatano akafumua, akakata, shingo ikajikunja. Alhamisi akakosea upande mwingine kabisa. Kila kosa nililiona kabla yeye hajalifikia, na ulimi ukaniwasha, na nikatafuna wali wangu. Hakunigeukia hata mara moja.

Ijumaa Fransis alipita nyuma ya sanamu na kikombe mkononi, akasimama. "Hee," akasema. "Sasa limekaa."

Noela alikata uzi, akakunja tepu, akatoka kwenda kununua maji. Nami nikainuka. Nikaizunguka ile sanamu, nikapitisha kidole juu ya mshono wa bega la kushoto, nikarudi nikaupitisha tena, nikasogea dirishani nikautazama kwa mbali, nikarudi nikauinamia mpaka pua ikagusa lesi. Nilikuwa natafuta kasoro. Niliitafuta mpaka nikasikia hatua zake mlangoni, na sikuiona.